Msahafu umo katika rununu, lakini ni nani aliyeusahihisha?

KILA mwezi wa Ramadhani unapowadia, katika misikiti ya Mombasa, Lamu na Malindi, na hata ile ya mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, huonekana jambo ambalo miongo miwili iliyopita lingaliwashangaza wengi. Baina ya Alasiri na Magharibi, miongoni mwa waumini walioegemea nguzo wakikamilisha juzuu zao, si wote walioshika misahafu. Baadhi wameinamia rununu.

Wapo wazee ambao bado hawajaizoea hali hii. Mtu aliyelelewa akijua kwamba msahafu huwekwa juu ya marufaa, haulazwi sakafuni wala hauwekewi kitu juu yake, ana haki ya kutatizika anapoona maneno hayo hayo yakichomolewa kutoka mfuko wa suruali, ndani ya chombo kile kile kilichotumiwa dakika chache awali kutazama matokeo ya soka.

Ndiyo maana swali la kwanza linalowafikia masheikh kuhusu rununu aghalabu huwa ni la udhu. Je, ni lazima mtu atawadhe kabla ya kuifungua Kurani iliyo ndani ya simu yake?

Msimamo wa madhehebu manne makuu ya Sunni, likiwemo la Imam Shafi ambalo ndilo linalofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, ni kwamba msahafu haushikwi pasi na tohara. Hoja zao hujengwa juu ya mapokezi ya Mtume na juu ya aya ya 79 ya sura ya 56, Al-Waqia. Lakini msahafu ni nini? Hapo ndipo mjadala unapoanzia. Katika karatasi, wino umetulia mahali pake, kitabu kiwe wazi au kimefungwa. Katika rununu, herufi ni mwanga unaopangwa na umeme. Skrini ikizimika hapasalii hata nukta moja.

Kwa sababu hiyo, wanazuoni wengi wa zama hizi wamefikia uamuzi kwamba simu si msahafu. Inaweza kushikwa bila udhu, na mtu akiingia nayo msalani ilhali programu imefungwa hana lawama. Wapo wengine wanaoshika tahadhari, wakisema kwamba maadamu aya ziko wazi kwenye kioo, ni adabu mtu awe na udhu, au angalau asiziguse herufi zenyewe kwa kidole.

Jambo moja husahaulika katika mazungumzo haya. Rununu imelegeza hukumu ya kugusa, bali haikugeuza hukumu ya kutamka. Mwenye janaba, kwa kauli ya madhehebu yote manne, hasomi Kurani kwa ulimi hadi aoge, awe anasoma katika karatasi, katika simu au kwa moyo. Kwa mwanamke aliye katika hedhi wanazuoni wamekhitalifiana. Wafuasi wa Imam Malik humruhusu asome, wa Shafi humzuia. Hivyo basi mwalimu wa kike wa madrasa anayesubiri rununu immalizie tatizo lake ataona imemmalizia nusu tu.

Kuhusu sala, suala si geni hata kidogo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Dhakwan, aliyekuwa mtumwa wa Bi Aisha, alimsalisha huku akisoma katika msahafu. Mashafi wanaruhusu, ilhali Imam Abu Hanifa aliona jambo hilo linabatilisha sala. Aliye na rununu ana taabu zaidi ya hizo: kioo hujizima akiwa katikati ya aya, na simu ikiita wakati wa tarawehe, safu nzima husikia.

Hayo yote yana majibu, na anayetaka kuyajua zaidi ana sheikh wake wa kumuuliza. Mwandishi wa makala haya, ambaye amekula chumvi nyingi kwenye dawati la uhariri akisaka makosa ya chapa, anatatizwa na swali jingine ambalo hulisikia kwa nadra mno. Ukurasa huu unaousoma kwenye kioo, ni nani aliyeusahihisha?

Gazeti hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kuchapwa, na bado makosa hupenya. Kosa la gazeti husahihishwa kesho yake kwa sentensi mbili ukurasa wa pili na mambo yakaisha. Msahafu haukupewa fursa hiyo. Historia yake yote, tangu nakala zilizotolewa wakati wa Khalifa Uthman katikati ya karne ya saba, ni historia ya watu wasiokubali irabu moja ipotee.

Wanafunzi wa sarufi ya Kiarabu husimuliwa kisa cha Abul-Aswad ad-Duali, mwanachuoni wa Basra aliyeishi karne hiyo ya kwanza ya Kiislamu. Alimsikia mtu akisoma aya ya tatu ya sura ya tisa, At-Tawba, inayotangaza kwamba Mungu na Mtume wake wamejitenga na washirikina. Msomaji yule, badala ya kusema "rasuluhu", akasema "rasulihi". Hakuongeza neno wala hakupunguza. Lakini kwa mageuzi hayo ya irabu, maana ikawa kwamba Mungu amejitenga na washirikina na vilevile na Mtume wake.

Abul-Aswad alifadhaika. Inasimuliwa kwamba alimketisha mwandishi mbele yake na kumwagiza atie nukta za wino wa rangi tofauti: juu ya herufi kwa sauti ya "a", chini yake kwa "i", na mbele yake kwa "u". Huo ndio mwanzo wa irabu ambazo kila mtoto wa chuoni huzikariri hadi leo.

Mitambo ya uchapaji ilipovumbuliwa, ilileta hatari yake. Kurani ya kwanza kamili iliyochapwa kwa mtambo ilitolewa mjini Venice, Italia, mnamo 1537 na 1538, na Paganino Paganini pamoja na mwanawe Alessandro. Walitarajia kuiuza katika milki ya Waturuki. Herufi walizozichonga zilikuwa na dosari nyingi. Hata dali na dhali, zinazotofautishwa kwa nukta moja tu, zilichanganyika. Biashara hiyo ilianguka, na nakala zikapotea kiasi kwamba wataalamu wengine walishuku iwapo kitabu chenyewe kiliwahi kuwapo, hadi nakala moja ilipopatikana katika maktaba ya watawa wa Venice mwaka 1987.

Waislamu walio wengi walikaa mbali na herufi za risasi kwa muda mrefu. Kilichowavuta katika karne ya 19 kilikuwa chapa ya mawe, ambayo haikupanga herufi mojamoja bali ilinakili mkono wa mwandishi jinsi ulivyo. Pwani yetu nayo ilikuwa na mafundi wake wa kalamu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa rangi.

Kisha mwaka 1924, mjini Cairo, enzi ya Mfalme Fuad, ikatolewa chapa iliyosimamiwa na kamati ya wanazuoni na ambayo ilikuja kuwa kigezo cha chapa nyingi zilizofuata. Ilifuata kisomo cha Hafs kutoka kwa Asim wa Kufa, na kuhesabu aya 6,236. Mwaka 1984 kukafunguliwa huko Madina kiwanda cha uchapaji cha Mfalme Fahd, na msahafu wake ulioandikwa kwa hati ya Uthman Taha, mwandishi mzaliwa wa Syria, ndio ambao wengi wetu tunao majumbani.

Aliye na msahafu huo na ageukie kurasa za mwisho, baada ya sura An-Nas. Atakuta maelezo ya kisomo kilichofuatwa, ya namna aya zilivyohesabiwa na vituo vilivyowekwa, pamoja na majina ya wanazuoni waliopitia kazi hiyo. Kurasa hizo hazisomwi na watu wengi. Kwa mhariri, hizo ni sahihi za watu waliokubali kubeba dhamana.

Sasa tuirudie rununu. Programu za Kurani, hata zikawa nyingi kiasi gani, huonyesha maandishi kwa mojawapo ya njia mbili.

Ya kwanza ni picha. Ukurasa wa msahafu uliochapwa hupigwa picha na kuingizwa kwenye simu kama ulivyo. Hii ni nduguye chapa ya mawe: ikiwa ukurasa wa asili ulikuwa sahihi, picha nayo ni sahihi, kwani programu haijui hata herufi moja ya kilichomo.

Ya pili ni maandishi yenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Tarakilishi haijui alifu wala be, inajua nambari. Kwa mujibu wa mfumo wa Unicode unaotumiwa duniani kote, kila herufi na kila irabu imepewa nambari yake. Alifu ni 0627. Dhumma, yaani ile irabu ya "u", ni 064F. Kasra, irabu ya "i", ni 0650, ambayo katika hesabu ya tarakilishi ndiyo nambari inayofuata mara tu baada ya 064F. Kwa maneno mengine, umbali baina ya "u" na "i", ule uliomfadhaisha Abul-Aswad, ndani ya simu yako ni hatua moja.

Nambari zikishakuwa sahihi, bado kuna fonti ya kuzigeuza kuwa maumbo. Hati ya msahafu ina alama ambazo Kiarabu cha magazeti hakizijui: alama za vituo, mimi ndogo ya kuonyesha namna ya kuitamka nuni, alifu ndogo inayoelea juu ya mstari. Fonti isiyokuwa na alama hizo huweka kijisanduku kitupu mahali pake, au huiacha irabu ikae juu ya herufi isiyo yake. Waliotumia simu za awali wanakumbuka Kiarabu kilichotokea kimekatikakatika, kila herufi peke yake kama meno ya mzee.

Mtu akinakili aya kutoka programu moja na kuibandika katika ujumbe wa WhatsApp, nusu ya alama zinaweza kupotea njiani. Wa pili akaipokea, akaona ina pengo, akaliziba kwa kubahatisha. Wa tatu akaituma kwa kikundi cha watu mia mbili wa mtaani.

Kulikuwa na wakati ambapo maandishi ya Kurani mtandaoni yalinakiliwa hivyo kutoka wavuti hadi wavuti pasi na yeyote kujua chimbuko lake. Hali hiyo ndiyo iliyouzaa mradi wa Tanzil mapema 2007. Waanzilishi wake waliyakusanya maandishi, wakayapitisha katika ukaguzi wa kanuni za sarufi na tajwidi kwa tarakilishi, kisha wakayasoma kwa macho na kuyalinganisha na msahafu wa Madina. Matokeo yalitolewa bure kwa sharti kwamba yeyote anaweza kuyanakili, ila hana ruhusa ya kuyabadilisha. Kila toleo lina nambari, ili kosa likigunduliwa ijulikane ni wapi limerekebishwa. Programu nyingi nzuri za leo zimesimama juu ya kazi hiyo au ya kiwanda chenyewe cha Madina.

Lakini si zote, na msomaji hana njia ya kutambua kwa kuangalia rangi ya kijani na picha ya kuba. Maduka ya programu, liwe la Google au la Apple, hukagua iwapo programu ina virusi au imekiuka masharti yao. Hayasomi aya. Misri ina sheria tangu 1985 inayolitaka kila shirika la uchapaji kupata idhini ya Al-Azhar kabla ya kuchapa msahafu. Kijana aliye na tarakilishi chumbani mwake, popote pale duniani, hapiti mlango huo.

Hapa ni lazima nitahadharishe kuhusu kosa la upande wa pili, la kuona dosari pasipo na dosari. Mkenya anayeipakua programu iliyotengenezwa Morocco au Algeria huenda akafungua Al-Fatiha na kukuta neno "maliki" katika aya ya nne limeandikwa bila kuvutwa. Asikimbilie kulaani. Hicho ni kisomo cha Warsh, kilichopokewa kwa njia sahihi sawa na chetu cha Hafs, na ndicho kinachosomwa Afrika Kaskazini na Magharibi. Kwa Hafs maana ni mwenye kumiliki, kwa Warsh ni mfalme. Programu makini hutaja kisomo chake waziwazi; isiyotaja humwacha msomaji gizani.

Walimu wa hifdhi wana lalamiko lao ambalo halihusu makosa kamwe. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kila moja ya mistari 15, na kila ukurasa hukomea pale aya inapokoma. Mwanafunzi anayehifadhi hakariri sauti pekee. Hukariri na mahali: aya hii iko juu kulia, ile iko chini ya ukurasa wa kushoto. Akikwama mbele ya mwalimu, hufumba macho na kuutazama ukurasa moyoni.

Programu zinazoteremsha maandishi bila kikomo kama habari za mtandaoni humnyang'anya ramani hiyo. Leo aya iko juu ya kioo, kesho iko katikati, na akikuza herufi mistari yote inahama. Programu za picha ya ukurasa hazina tatizo hili, na ndiyo sababu mwalimu anayewaruhusu wanafunzi kutumia rununu hana budi kuwaelekeza kwenye hizo. Hata hivyo, kwa msomaji wa umri wangu ambaye macho yameanza kudai miwani, kule kuweza kuikuza herufi hadi ilingane na punje ya mahindi si neema ya kubezwa.

Kwa wasiojua Kiarabu, ambao ndio wengi, kuna suala la tafsiri. Kiswahili kina bahati ya kuwa na tafsiri kadhaa, na kila moja ilikuwa na jambo la kusema kwa watu wa zama zake. Ya Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana wa Zanzibar, ilitoka 1923. Ya Ahmadiyya, iliyoandikwa na Mubarak Ahmad Ahmadi, ilitoka Nairobi 1953. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akakamilisha yake 1969, na maelezo yake ya chini ya kurasa yamesomwa na vizazi viwili.

Katika hazina ya Tanzil, ambamo watengenezaji wengi huchota, tafsiri ya Kiswahili iliyomo ni ya Ali Muhsin al-Barwani, mwanasiasa wa Zanzibar aliyekuwa waziri katika serikali iliyopinduliwa Januari 1964 na ambaye alifungwa kwa miaka mingi Tanzania Bara. Ni kazi ya Kiswahili kizito cha Unguja, inayostahili kusomwa. Lakini kwenye simu hufika ikiwa imekatwa aya moja moja, bila maelezo marefu yaliyoandamana nayo kitabuni, na mara nyingine bila hata jina la mfasiri. Kijana akasoma sentensi moja kuhusu vita au talaka, akaamini ameisoma Kurani yenyewe, asijue kwamba amesoma fahamu ya mtu mmoja kuhusu aya moja iliyotengwa na wenzake.

Kuna pia bei ya vitu vya bure. Nimewahi kuona, chini kabisa ya ukurasa wa Yasini katika programu moja isiyolipiwa, tangazo la kamari likimemetuka. Na Novemba 2020 tovuti ya Motherboard ya Marekani iliripoti kwamba data za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu mashuhuri ya nyakati za sala na Kurani, zilikuwa zikipitia kampuni ya X-Mode, iliyokuwa na wateja wenye uhusiano na jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikana kuliuzia jeshi data, lakini wakatangaza kukatiza ushirikiano na kampuni hiyo. Mwaka uliofuata, Oktoba 2021, programu ya Quran Majeed iliondolewa katika duka la Apple nchini China. Wamiliki wake walisema waliambiwa kwamba ilihitaji nyaraka zaidi kutoka kwa serikali ya huko. Msahafu wa karatasi haujui uko mtaa gani, na kuuondoa nyumbani mwa mtu kunahitaji mtu kubisha hodi.

Anayetaka kuipima programu yake na aanze na ukurasa wa maelezo, ule ambao vidole hupenda kuuruka. Atazame kama umetajwa kisomo, chimbuko la maandishi, jina la mfasiri na anwani ya kupokelea masahihisho. Kisha achukue msahafu wa Madina, aufungue ukurasa wa 187 ambapo At-Tawba inaanzia, auweke kando ya simu, na aikuze aya ya tatu mpaka irabu zionekane. Lamu ya neno lile inapaswa kuwa na dhumma, na he iliyo mwisho pia. Akiona vinginevyo, awaandikie wenye programu siku hiyo hiyo, na hadi wajibu, asomee karatasini.